Binti mmoja kapata mimba, wenzangu wanataka mfuko ufungwe

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni mhazini wa kikoba cha wanawake huku Kilosa. Kijiji nakiacha, maana hapa tunajuana mpaka kwa kikohozi. Tuko 28. Hisa ni shilingi 2,000, na kila Jumatano kila mtu anatoa 1,000 ya mfuko wa jamii, kwa ajili ya misiba na maradhi. Mwaka juzi wakati wa kuvunja kikundi, yaani kugawana hisa mwisho wa mwaka, tulikuta mfuko wa jamii umebaki mnene kuliko tulivyozoea. Mwenzetu mmoja akasema mbona tusisomeshe mabinti? Kila mwaka wanafaulu darasa la saba wengi tu, lakini wanaofika Kidato cha Nne unawahesabu kwa vidole. Tukakubaliana tutenge 700,000 kwa mwaka, mabinti watano wa sekondari ya kata, kila mmoja 140,000. Nusu tunatoa Januari shule zikifunguliwa, nusu Julai. Tunampa mzazi mkononi na anasaini kwenye daftari.

Mwaka wa kwanza haukuwa na neno. Mwaka huu ndiyo mambo yamezuka. Baba mmoja alipokea 70,000 ya Januari akakodia trekta, binti akarudishwa nyumbani mwezi wa pili kwa kukosa mchango wa chakula. Hilo tulikuwa hatujalimaliza, tukasikia binti mwingine, wa Kidato cha Tatu, ana mimba. Huyu ni mmoja wa watatu wanaotoka kitongoji cha mbali. Kutoka kwao hadi shuleni ni kilomita kama tisa, hivyo wamepanga chumba senta, wanaita geto, 15,000 kwa mwezi wote watatu. Ijumaa wanarudi nyumbani kufuata unga, Jumapili jioni wanarudi geto. Kijana aliyempa mimba ni wa bodaboda, ndiye alikuwa akiwapa lifti. Familia ya kijana imeshaleta mbuzi wawili na laki tatu, wazee wanasema yaishe nyumbani.

Mama, kikao kilichopita kiligeuka vita. Mwenyekiti anasema mfuko ufungwe, pesa irudi kwenye misiba ambako haina matata. Wengine wanataka tuendelee ila mabinti wapimwe mimba kila muhula, atakayekutwa nayo anakatwa na baba yake anarudisha pesa yote. Mwingine akasema tuwalipie wanaoshika nafasi za juu tu, hao ndio wana nia. Na kuna wawili wenye watoto wa kiume wanauliza kwani mtoto wa kiume halali njaa? Mimi nilipomtetea yule binti niliambiwa natetea umalaya.

Kikao kijacho ndicho cha kuamua. Naomba unisaidie: tufunge au tuendelee? Kama tunaendelea, pesa tumpe nani? Na huyu mwenye mimba tumfanyeje, maana hata jina lake sasa watu hawataki lisomwe kwenye daftari.

Mhazini, Kilosa


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya kura ya kufunga, omba kikao kihesabu upya. Mlianza na watano na wanne bado ni wanafunzi, akiwemo yule ambaye pesa yake iliishia kwenye trekta. Mwenyekiti anayesema mfuko umeshindwa amemtazama mmoja akawasahau wanne. Lakini na wewe unayetetea sitakuacha hivi hivi, kwa sababu naona pesa yenu imepita pembeni ya tatizo.

Watu wengi bado wana picha kwamba kumsomesha binti ni kumlipia ada. Ada ya sekondari za serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016, hadi Kidato cha Nne, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na Kidato cha Tano na Sita wakafuata mwaka 2022. Kwa shule ya kutwa kama hiyo yenu, ada yenyewe ilikuwa 20,000 kwa mwaka. Kilichobaki mgongoni mwa mzazi ndicho kizito: sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana, na pa kulala kama shule iko mbali. Kwa msichana ongeza pedi kila mwezi. (Serikali iliondoa VAT kwenye pedi mwaka 2018, ikairudisha 2019 kwa maelezo kwamba bei haikushuka. Mnunuzi wa kijijini sidhani kama aliiona tofauti, ilipoondoka wala iliporudi.)

Vitu hivi vinaonekana vidogo mpaka vinapokosekana. Magharibi mwa Kenya kuna utafiti uliofanyika ambapo watoto wa darasa la sita walipewa sare za bure, kisha wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Walioacha shule walipungua, na wasichana waliopata mimba au kuolewa mapema wakapungua pia. Hakuna aliyewahubiria. Waliondolewa tu gharama moja iliyokuwa ikiwatoa darasani.

Kwa hiyo swali la kuuliza kikaoni ni hili: kila binti kati ya hawa watano, ni kitu gani hasa kitakachomtoa shule? Msiulize kwa jumla, maana jibu la mmoja si la mwingine. Yule wa trekta anatolewa na mchango wa chakula. (Serikali ilishakataza mwanafunzi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Mmoja wenu amkumbushe mkuu wa shule kwa adabu, na kama hasikii, kuna mtendaji wa kata.) Watatu wa kitongoji cha mbali wanatolewa na kilomita tisa. Hapo kwenye kilomita tisa nataka tukae kidogo.

Barua yako ilipofika kwenye geto niliisoma mara mbili. Wasichana watatu, chumba cha senta, hakuna mtu mzima. Mlezi wao ni mwenye nyumba anayekuja kudai kodi. Unga ukiisha Alhamisi, Ijumaa lazima waende nyumbani. Wakatembee kilomita tisa jua likizama, au wapande pikipiki ya mtu asiyedai nauli? Kijana asiyedai nauli Januari huwa ana deni la kudai Aprili. Huo umalaya wanaousema wenzako mimi siuoni hapa. Ninachokiona ni mtoto aliyekuwa akisafiri kila wiki kufuata chakula, na pesa yenu ikapita juu yake bila kuigusa safari hiyo.

Ungeniuliza mimi 700,000 ianzie wapi, ningesema hapo. Tafuteni mama mmoja mnayemwamini anayeishi karibu na shule, mwenye vyumba viwili vya ziada, ikiwezekana awe mwenzenu wa kikoba au ndugu wa mwenzenu. Mabinti wahamie kwake. Kodi ya 15,000 kwa miezi kumi ni 150,000, na kikoba kimlipe yeye moja kwa moja. Kwa wawili waliobaki geto hiyo ni 75,000 kila mmoja, na katika 140,000 ya kila binti bado mna 65,000. Halafu unga uwafuate wao. Jumatano mnapokutana, wazazi wa kitongoji kile walete debe, maharage na mkaa kikaoni, na mmoja wenu anayekwenda senta avipeleke. Binti arudi kwao mwisho wa mwezi, au akiumwa, na siku hiyo asindikizwe. Kama shule ina hosteli, hata ile ya nguvu za wananchi isiyo na vioo, ulizeni nafasi kwanza. Mara nyingi ni nafuu kuliko geto na kuna matroni.

Sasa, pesa apewe nani. Baba wa trekta msimgeuze shetani. Januari huko kwenu ni kulima, ghala tupu, watoto wanataka kula leo. Mkulima akishika 70,000 taslimu mwezi huo, shamba litaichukua, na wengi wenu mngefanya vilevile. Basi taslimu isipite kwake. Sare lipeni kwa fundi, tena sina shaka kati ya wanawake 28 yupo mwenye cherehani. Madaftari nunueni Desemba kwa jumla, kabla bei ya Januari haijapanda. Mchango wa chakula mpelekee mhasibu wa shule na udai risiti. Kikibaki kidogo cha nyumbani apewe mama. TASAF nao kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini, wapokeaji wengi ni akina mama, na kwa hilo wamepatia. Ulizeni pia kama kati ya familia hizi tano ipo yenye sifa ya kuingia TASAF lakini haijaandikishwa, maana ruzuku ile inaendana na mahudhurio ya mtoto shuleni na ingewapunguzia mzigo.

Na kuna kitu ambacho vikundi vingi huogopa: mpeni binti mwenyewe pesa kidogo mkononi. Si nyingi, 2,500 kwa mwezi, ya pedi, sabuni na dharura. Najua mtasikia mtu anasema mtoto hapewi hela. Msichana ambaye mfukoni hana hata mia, kila anayempa chipsi au lifti amempa kitu kikubwa. Kule Zomba, Malawi, kati ya 2008 na 2009 familia zilipewa pesa kila mwezi kwa ajili ya mabinti, na sehemu ya pesa hiyo alikabidhiwa binti mwenyewe. Kundi moja lilipewa kwa sharti la kuhudhuria shule, jingine bila sharti. Wenye sharti walibaki shule zaidi, hilo lazima tuseme. Lakini mimba na ndoa za mapema zilipungua zaidi kwa wasio na sharti, hasa kwa sababu wale waliokuwa wameacha shule waliendelea kupokea. Msichana aliyetoka shule akanyimwa na pesa siku hiyohiyo, kilichobaki mbele yake mara nyingi ni mwanamume wa kumlisha.

Hapo ndipo napata jibu la wale wa kupima mimba. Acheni kabisa. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliitaka Tanzania ikomeshe upimaji mimba wa lazima kwa wanafunzi wa kike. Serikali yenyewe imeambiwa iache, halafu kikoba kianze? Na hata mkiiweka sheria pembeni, kipimo kinakuja kazi ikiwa imeshakwisha. Hakimzuii kijana wa pikipiki. Kinachofanya ni kumfundisha binti kukimbia kabla hajapimwa, na wakikimbia hutawaona tena, si darasani si kliniki.

Wa nafasi za juu nao nawaelewa, pesa ni yenu na kila mtu anapenda kuona matunda. Lakini anayeshika namba tatu mara nyingi ana taa nyumbani, ana mama anayemwambia kaa usome, na atafika bila 140,000 yenu. Anayedondoka ni yule wa namba 27 anayechota maji kabla ya kwenda shule na kusinzia kipindi cha hesabu. Kama mnapenda kuzawadia wanaofanya vizuri, wanunulieni kanga siku ya kuvunja kikundi.

Sharti moja nitalikubali, nalo si la kumkata mtu. Mwombeni mwalimu wa malezi awape mahudhurio kila mwezi. Binti akikosa siku tatu mfululizo bila taarifa, mmoja wenu afike kwao wiki hiyohiyo akaulize kuna nini. Shirika la CAMFED, ambalo limekuwa likifanya kazi Tanzania tangu 2005, lina mwalimu mlezi shuleni kwa ajili hiyo, na wasichana liliowasomesha hurudi kuwashika mkono wadogo zao. Ninyi mna wanawake 28 wanaoishi palepale. Kwa kazi ya kufuatilia mtoto mmetajirika kuliko shirika lolote.

Sasa huyu binti mwenye mimba.

Jina lake lisifutwe kwenye daftari. Pesa iliyotengwa kwa jina lake ibaki kwa jina lake, na kwa sasa ifanye kazi nyingine: nauli ya kliniki, chakula, maandalizi ya kujifungua. Tangu Novemba 2021, kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo, mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa mimba anaruhusiwa kurudi shule ya serikali. Kabla ya hapo mlango ulikuwa umefungwa na wengi kijijini bado wanaamini umefungwa, pengine hata baba yake. Nendeni kwa mkuu wa shule mapema, binti akiwa bado mjamzito, mumwambie kwamba mtoto huyu ana nia ya kurudi na kwamba kuna kikundi kitakachobeba gharama. Akiona haya kurudi darasa lilelile, ombeni ahamie shule nyingine. Akishindwa na hilo, kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, viko 54 nchini na Bigwa hapo Morogoro ni kimojawapo, ambavyo kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho vinawapokea akina mama vijana, wanasoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi, na watoto wao wana pa kulelewa hapohapo chuoni. Lakini muulizeni yeye anataka nini. Katika barua yako yote watu wengi wamesema, yeye sijamsikia.

Kuhusu mbuzi wawili na laki tatu nitakuambia wazi, ingawa najua mnazikana na familia hiyo. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016. Anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, akipatikana na hatia, adhabu ni kifungo cha miaka 30, na kumwoa mwanafunzi nako ni kosa. Hakuna kifungu kinachosema isipokuwa umeleta mbuzi. Mkuu wa shule ana wajibu wa kutoa taarifa za kesi kama hizi, kwa hiyo hata wazee wakimalizana jambo halijaisha. Naelewa hesabu ya familia, kwamba kijana akifungwa hakuna wa kununua maziwa. Ni hesabu ya kweli na inauma. Lakini kijana huyohuyo bado ana pikipiki, na wale mabinti wawili waliobaki geto Ijumaa hii watahitaji kufika kwao. Kikoba kisishike mbuzi, kisisaini makubaliano, kisiwe shahidi wa mazungumzo hayo. Mpelekeeni habari Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama mnaogopa kuonekana, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo.

Baba yake asirudishe hata senti. Pesa hiyo ilimsomesha hadi Kidato cha Tatu, na Kidato cha Tatu anacho.

Wenye watoto wa kiume wana hoja, njaa haina jinsia. Kijana wa kiume akitembea kilomita tisa anafika amechoka, lakini hakuna anayempa lifti ya kudai baadaye, ndiyo maana mlianza na mabinti. Mfuko ukikua, ongezeni wavulana kwa fungu lao. Usikubali fungu la mabinti ligawanywe ili kuleta amani kikaoni.

Na wanaokuambia unatetea umalaya usijibizane nao. Wewe ni mhazini, nenda na karatasi. Andika majina matano, mbele ya kila jina andika kitu kinachoweza kumtoa shule, bei yake, na nani atakayelipwa: fundi, mama wa chumba, mhasibu wa shule. Tafuta wanawake wawili au watatu uwaonyeshe kabla ya Jumatano, akiwemo yule aliyeleta wazo mwaka juzi, ili usisimame peke yako. Mwenyekiti akisema tupige kura ya kufunga, omba kwanza karatasi isomwe. Ikikubalika, iingie kwenye daftari la mfuko wa jamii siku hiyohiyo kabla sanduku halijapigwa kufuli, wote wasaini, asije mtu mwakani akasema siku hiyo alikuwa msibani.